Je, Wajua? Land Rover ya Zamani Huliwa na Kutu kutoka Chini

Land Rover ilizinduliwa Amsterdam, Aprili 1948, ikiwa na bodi ya aloi ya alumini. Sababu ilikuwa uhaba: baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma nchini Uingereza kilitolewa kwa mgao, ilhali alumini ilipatikana. Hadi leo wenye matoleo ya zamani, yaani Series I, II na III, husifia bodi hiyo isiyoshika kutu. Vipande vyake vingi hufungwa kwa bolti, hivyo madigadi ikipondeka hufunguliwa na kuwekwa nyingine. Injini nayo si fumbo. Fundi mwenye spana za kawaida hufanya mengi hata porini.

Lakini chasisi ni ya chuma. Matope na maji yakinasa ndani yake huila taratibu, huku juu gari likionekana zima kabisa. Tena pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini huharibika na kuwa unga mweupe. Anayetaka kununua aingie kwanza uvunguni na nyundo ndogo, agonge chasisi yote na kusikiliza sauti. Rangi ataitazama baadaye.

Malalamiko mengine ni usukani mzito, kelele, oili inayovuja na mvua inayopenya milangoni. Springi za mabamba hubeba mzigo vizuri sana, ila gari likiwa tupu hurusha abiria. Series III ya mwaka 1971 ndiyo iliyoleta gia nne za mbele zinazoingia laini zote. Kwa matoleo ya awali, kurudi gia ya kwanza gari likitembea hudai kukanyaga klachi mara mbili.