Mgeni Anapoomba Sufuria

Mwaka 2013, Rebecca Rockefeller na Liesl Clark walianzisha Buy Nothing katika kisiwa cha Bainbridge, Marekani: majirani wanapeana vitu kupitia Facebook, bila kuuza wala kubadilishana. Katika kundi la mtaani kwetu, Seattle, mgeni huulizwa kwanza anaishi wapi. Akiomba kochi na televisheni siku hiyohiyo, minong'ono huanza: huyu atakwenda kuviuza. Hofu hiyo naielewa. Lakini aliyehamia jana ndiye asiye na hata sufuria. Mimi huanza na kitu kidogo, kama birika lenye mpini uliolegea. Tunaonana mlangoni, tunajuliana hali. Tukidai uaminifu kabla ya kutoa chochote, ataupata wapi wa kutuonyesha?