Mume Wangu Alirudi, Akakuta Kiti Kimeuzwa

Ilikuwa Ijumaa. Mume wangu alirudi kazini, akavua viatu mlangoni kama kawaida yake, akawasha taa ya sebuleni, akasimama. Kiti chake hakipo.

"Umekiuza tena?"

"Mteja kalipa taslimu," nikamjibu haraka haraka, kama mtu aliyekuwa amelifanyia mazoezi jibu lake.

Hakupiga kelele. Alikwenda jikoni, akachukua kiti cha plastiki, akakaa nacho barazani mpaka saa tano usiku. Msomaji, nimegombana na mume wangu kwa mengi, lakini ukimya ule wa barazani ulinitisha kuliko ugomvi wowote. Hicho kilikuwa kiti cha tatu.

Ngoja nianze mwanzo. Mimi natengeneza na kuuza fanicha za mtindo wa Kifaransa hapa Dar es Salaam, na kazi yangu inafanyika Keko, kwa mafundi. Wengi wakisikia "fanicha za Kifaransa" wanawaza makochi makubwa yaliyopakwa rangi ya dhahabu kila kona, mithili ya jukwaa la maharusi. Hapana jamani! Ukitaka kujua kiti ni cha mtindo gani, tazama miguu. Ikiwa imepinda taratibu kama ya mnyama anayetaka kuruka, huo ni mtindo wa enzi za mfalme Louis XV, aliyetawala Ufaransa kuanzia 1715 hadi 1774. Ikiwa imenyooka, imekonda kuelekea chini na ina mifereji iliyochongwa, huo ni wa mjukuu wake, Louis XVI. Halafu tazama mikono. Kukiwa na uwazi chini ya mkono, Wafaransa hukiita kiti hicho fotei. Pakiwa pamezibwa kwa kitambaa na kuna mto mnene wa kukalia unaotoka, ni berjeri. Mume wangu ni mtu wa berjeri. Akikaa humo dakika kumi, kesho analala.

Kilichonivuta mimi si dhahabu. Ni kwamba viti vile vilitengenezwa kwa kumfikiria mtu anayekalia. Wanawake wa Paris walipoanza kuvaa magauni mapana, mafundi waliirudisha mikono ya kiti nyuma kidogo ili gauni lipate nafasi. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka, maana bibi harusi wetu akikalia kochi la siku hizi lazima asaidiwe na watu wawili kuinuka.

Wala usidhani ni mambo ya Wafaransa peke yao. Kule Damietta, mji wa maseremala kaskazini mwa Misri, wanachonga mtindo huu kwa wingi, na Wamisri wenyewe wanautania kwa jina la "Louis Farouk", wakimkumbuka mfalme wao aliyeondolewa 1952. Kama Misri wameufanya wa kwao, kwa nini Keko tushindwe? Ndivyo nilivyojiambia siku nilipoacha kazi benki.

Sasa, kazi yenyewe. Paris ya zamani kiti kimoja kilipita mikono mingi: wa kuunga mbao, wa kuchonga nakshi, wa kupaka dhahabu, wa kuweka kitambaa, kila mmoja na chama chake. Keko ni vilevile, ila vyama hakuna. Fundi wangu mkuu, mzee mmoja mtaratibu sana, anaunga fremu. Kijana wa banda la pili anachonga. Sofa inajazwa na jirani wa ng'ambo ya barabara. Mmoja akichelewa, wote tumechelewa, na mteja anampigia mama mwenye duka, yaani mimi.

Mbao nayo ina hadithi yake. Paini ni nafuu lakini nakshi ndogo hukatika. Mkongo ni mgumu na mzito. Mimi napenda mninga, maana ukishakauka vizuri hautikisiki. Neno lenyewe hapo ni "ukishakauka". Mafundi wa zamani wanahesabu karibu mwaka mzima wa kukausha kivulini kwa kila inchi moja ya unene. Nani ana mwaka mzima wa kusubiri?

Basi bwana, nikapata oda kubwa kuliko zote: seti nzima ya Louis XV, kochi la watu watatu na berjeri nne, kwa familia iliyokuwa inahamia nyumba mpya. Muuza mbao akaniapia kwamba mninga wake umekauka. Mzee akaugusa, akaupima uzito mkononi, akasema, "Dada, hii bado mbichi." Nikamwambia tarehe imekaribia, afunge. Akafunga. Seti ilipendeza mno, na mteja alilia kwa furaha.

Miezi miwili baadaye akalia tena. Nyumba yake ina kiyoyozi kinachofanya kazi mchana na usiku. Hewa yetu ya Dar ina unyevu, ile ya kiyoyozi ni kavu, na mbao iliyokuwa bado na maji ndani ikanyonywa, ikasinyaa. Viungo vikaachia. Berjeri moja ilifunguka mgeni akiwa ameikalia! Nikarudisha pesa zote.

Hapo ndipo nilipokosea zaidi. Mume wangu sikumwambia. Mtaji wa mwanzo ulikuwa na akiba yake ndani, zile pesa alizoweka kwa ajili ya kiwanja. Nikajisemea nitaziba pengo kimyakimya. Nyumba yetu tayari ilikuwa ndiyo duka la maonyesho, maana fremu ya barabarani sikuweza kuilipia. Wateja walikuja Jumamosi, wanakaa, wanabonyeza mito, wanauliza bei. Kilichopendwa kiliondoka. Safari moja mama mkwe alitutembelea kutoka Moshi, akiwa bado na kikombe cha chai mkononi, mteja akamwomba asimame kidogo ili atazame kiti alichokalia. Mama akasimama. Hakusema neno, lakini ziara ya wiki mbili ikawa ya siku nne.

Usiku ule wa barazani nilimfuata mume wangu. Nilidhani atanilaumu kwa kiti. Akaniambia, "Mke wangu, mimi sijui kama naishi kwangu au dukani kwako. Nikikaa, naogopa kuchafua. Nikizoea kitu, kesho hakipo." Halafu akauliza lile nililokuwa nalikwepa: "Kwani una shida gani ya pesa?"

Nikamwambia yote. Seti iliyorudi, akiba, deni la kitambaa. Alinyamaza muda mrefu, mpaka nikaanza kuhesabu mbu. Kisha akaingia ndani, akalala. Wiki nzima tuliongea mambo ya maji na umeme tu. Sitawadanganya kwamba alinisamehe siku ile ile, maana hata kiwanja chenyewe mpaka leo hatujakinunua.

Lakini Jumamosi iliyofuata alikuja na daftari. Akachora mstari katikati: huku biashara, huku nyumba. Akaunti mbili. Mteja analipa kianzio cha asilimia 60 kabla mbao haijakatwa. Mimi najilipa mshahara, mdogo lakini unaojulikana. Tukatafuta fremu ndogo, ya kubana, karibu na mafundi. Na nikanunua kipima unyevu, kidude cha kuchoma kwenye mbao kikakupa namba. Mzee alikitazama, akacheka, akasema yeye kidude chake ni kiganja. Namba zao mara nyingi zinakubaliana.

Tukabaki na sebule tupu, na hapo ndipo nilipojifunza kupanga nyumba, mimi niliyekuwa nawashauri wengine! Zamani ningekuuzia ile seti ya tatu-mbili-moja-moja bila kuuliza chumba chako kina ukubwa gani. Sebule yetu ni mita 4 kwa 4. Kochi la watu watatu peke yake ni kama mita 2. Tulitandika magazeti sakafuni kwa vipimo halisi vya kila kitu, tukaishi na magazeti hayo siku tatu, tukiyaruka. Siku ya pili tu tulishajua kwamba kochi la pili halina nafasi. Njia ya kupita watu iachiwe sentimita 80 au 90, na kati ya kochi na meza sentimita 40 zinatosha ili mkono ufikie kikombe. Na jamani, pimeni mlango. Nimewahi kusimama na kochi zuri nje ya mlango wa sentimita 80 huku wabebaji wananitazama.

Tena usijaze Ufaransa nyumba nzima. Sisi tuna kochi la kawaida lisilo na nakshi yoyote, mkeka, na berjeri mbili tu za mninga. Mahameli kwa joto la Dar ni adhabu, kwa hiyo moja nimeivalisha pamba nzito ya rangi ya mchanga, na nyingine, ya kwangu, kitenge. Mchongaji wangu alipoiona alisema nimeivalisha bibi wa Kizungu nguo za sokoni. Kama mfuko hauruhusu viwili, nunueni kimoja kizuri, mbao kavu, kingine mtaongeza mwakani. Kuna meza moja ya kuandikia ya Louis XV, iliyoko Versailles, ilianzwa 1760 ikakamilika 1769. Fundi aliyeianza, Oeben, alifariki katikati ya kazi. Aliyeimalizia ni Riesener, na ndiye aliyemwoa mjane wake. Nilipomsimulia mume wangu habari hii aliniuliza fundi wangu wa Keko ana umri gani.

Mwezi uliopita alikuja mteja nyumbani kuchukua sampuli za kitambaa. Akakiona kiti cha pamba kando ya dirisha, akakizunguka, akapitisha kidole kwenye nakshi ya mkono. "Hiki nakitaka hivi kilivyo," akasema. "Niambie bei yoyote."

"Samahani, hicho hakiuzwi," nikamjibu, kwa sauti ya kutosha kusikika chumbani.

Mume wangu akachungulia mlangoni, miwani puani.

"Kwani anatoa ngapi?"