Je, Wajua? Monsoon na Msimu Ni Ndugu

Upepo wa kusi unaovuma Mkwiro, kisiwani Wasini, takriban Aprili hadi Septemba, ni mmoja wa zile pepo ambazo Waingereza huziita monsoon. Neno hilo lina asili ya Kireno, monção, nao Wareno walilipata kwa Waarabu: mawsim, yaani wakati maalumu, hasa wa kusafiri baharini. Mzizi huohuo ndio uliotupa msimu! Majahazi ya Oman yaliteremka huku pwani na upepo wa kaskazi, yakangoja kusi iyarudishe kwao. Mkwiro hesabu bado ni hiyo: kusi ikishika, bahari huchafuka na vyombo vidogo havithubutu kwenda mbali, kaskazi ikiingia, maji hutulia. Hata unaposema msimu wa maembe, unatumia neno la mabaharia.