KOSA LINALOKUJA NA KUTOWEKA

Hakuna neno linalomchosha fundi wa redio kama neno "wakati mwingine". Redio iliyokufa kabisa hufunguliwa, waya uliokatika ukaonekana. Lakini redio inayonyamaza wakati mwingine, kisha ikasema vizuri punde tu ifikapo mezani kwa fundi, humfanya mwenyewe aonekane mwongo. Kompyuta nazo zina maradhi hayo, na mfano wake mashuhuri ulitokea mwaka 1997 katika sayari ya Mirihi.

Tarehe 4 Julai mwaka huo, chombo cha Marekani kiitwacho Mars Pathfinder kilitua huko baada ya safari ya miezi saba. Kilibeba kamera, vipimo vya hali ya hewa na kigari kidogo cha magurudumu sita, Sojourner. Baada ya siku chache kompyuta ya chombo ilianza kujizima na kujiwasha yenyewe. Habari zilizokwisha kukusanywa hazikupotea, ila kazi zilizosalia za siku hiyo ziliahirishwa hadi kesho yake. Mafundi walikuwa Pasadena, California. Ishara ya redio ilichukua zaidi ya dakika 10 kufika Mirihi, wala hapakuwa na mtu wa kutumwa na bisibisi.

ASKARI MWENYE UFUNGUO

Kompyuta ile iliongozwa na programu kuu iitwayo VxWorks. Programu ya namna hiyo ni kama ofisa wa zamu: huzigawia shughuli mbalimbali muda wa kompyuta kwa kufuata vyeo. Yenye cheo cha juu ikihitaji nafasi, ya chini husimama kando.

Na tufikirie kuruta aliyeingia bohari akajifungia, na ufunguo ni mmoja tu. Kapteni anafika akihitaji kitu ndani. Ijapokuwa ni mkubwa, hana budi kungoja kuruta atoke. Hilo si neno, kwa kuwa kuruta hatakawia. Mara anapita sajini asiye na haja yoyote na bohari, naye anamwamuru kuruta asimame wima mpaka yeye amalize shughuli zake. Kuruta anatii, ufunguo umo mfukoni mwake, na kapteni yu mlangoni. Bila kukusudia, sajini amemzuia mkubwa wake.

Ndivyo ilivyokuwa Mirihi. Kuruta ni shughuli ya kupima hali ya hewa. Kapteni ni shughuli ya kusambaza habari ndani ya chombo. Sajini ni shughuli nyingine za cheo cha kati. Alikuwapo pia mlinzi, aliyekagua mara 8 kwa kila sekunde kama kapteni amemaliza kazi yake. Alipomkuta hajamaliza, alidhani kuna hatari, akaiwasha kompyuta upya. Ilibidi wote hao wakutane katika kipande kidogo mno cha sekunde, na ndiyo sababu kosa lilikuja na kutoweka.

KUMVIZIA MKOSAJI

Mafundi hawakukisia. Walichukua kompyuta ya mfano uleule iliyobaki duniani, wakaipa kazi zilezile tena na tena, huku ikiandika kila tukio: nani ameshika ufunguo, nani anangoja, na kwa muda gani. Kabla ya saa 18 kupita, kosa lilijitokeza mbele yao, na maandishi yakaonyesha chanzo.

Dawa ilikuwa kanuni ambayo Lui Sha, Ragunathan Rajkumar na John Lehoczky waliieleza mwaka 1990: kuruta mwenye ufunguo unaongojwa na kapteni huazimwa cheo cha kapteni mpaka atoke, ili sajini asimzuie. VxWorks ilikuwa nayo kanuni hiyo, bali haikuwa imewashwa. Wakaipima kwanza duniani, kisha wakatuma marekebisho kwa redio. Kujizima kukakoma. Sojourner, kilichotazamiwa kufanya kazi siku 7, kiliendelea mpaka mawasiliano na chombo yalipokatika Septemba 1997.

Lakini habari hii ina sehemu chungu. Kosa hilo lilikuwa limekwisha kuonekana duniani wakati wa majaribio, kabla ya chombo kutua. Mafundi walipolitafuta halikurudi tena, na kwa kuwa programu za kutua ndizo zilizohitaji uangalifu wa kwanza, likawekwa nyuma. Tena majaribio yalikuwa yamepima hali ngumu, si hali njema kupita kiasi. Huko Mirihi mambo yalikwenda vizuri mno, habari zikawa nyingi kuliko ilivyotazamiwa, na wingi huo ukalifanya kosa litokee mara nyingi zaidi.

Siku hizi programu hupimwa na mashine zenyewe, pengine kila usiku. Jaribio likifaulu mara tisa na kuanguka mara ya kumi, tena katika kompyuta za aina moja tu, kishawishi ni kulirudia mpaka lifaulu, kisha kwenda nyumbani. Kufanya hivyo ni kumfukuza shahidi. Lililo jema ni kuandika saa, mzigo na hali ilivyokuwa, kuyarudia mazingira yale yale, na kubadili jambo moja moja.

Dereva wa gari la doria ambalo taa zake huzimika wakati mwingine naye anaweza kuanza leo kwa daftari: saa ngapi, njia gani, mzigo kiasi gani, mvua au jua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.