Wekundu Uliopoa Unataka Herufi Nyeusi

Katika CSS, lugha inayopamba kurasa za intaneti, mbunifu anaweza kuita rangi kwa jina badala ya tarakimu. Mojawapo ya majina hayo ni IndianRed, wekundu uliopoa unaokaribia tofali, uliorithi jina la rangi ya kale iliyotokana na udongo wenye chuma wa India. Kivinjari kikisoma jina hilo huchanganya nyekundu 205, kijani 92 na buluu 92, kwa kipimo kinachoishia 255. Kijani na buluu hizo ndizo zinazopunguza ukali wa nyekundu, na ndiyo maana wabunifu huipenda: inavuta jicho bila kulichoma. Mapenzi hayo yana msingi. Lakini rangi kuwa pole hakufanyi maandishi yasomeke, na anayeichagua kwa uzuri wake tu humwachia msomaji mzigo.

Shirika la W3C, linaloandaa viwango vya intaneti, lina kipimo cha tofauti ya mwangaza kati ya herufi na rangi iliyo nyuma yake. Kinaanzia 1, rangi mbili zinapolingana mwangaza, hadi 21, nyeusi inapokaa juu ya nyeupe. Maandishi ya kawaida yanatakiwa kufikia 4.5, makubwa yanatosheka na 3. IndianRed ikikutana na nyeupe hupata takriban 3.98. Nyekundu kali kabisa nayo hupata takriban 4, kwa hiyo kuipoza rangi hakujaongeza usomekaji hata kidogo. IndianRed ikikutana na nyeusi, hufika takriban 5.28. Basi rangi hii inafaa vichwa vikubwa vya habari, au kuwa uwanja wa kubeba herufi nyeusi. Haifai kuandikia aya nzima kwenye ukurasa mweupe, wala kuwekewa herufi ndogo nyeupe ndani ya kitufe.

Wapo watakaosema nyeupe hupendeza zaidi juu ya nyekundu. Ladha hiyo haina kosa, ila wachukue FireBrick, ndugu yake aliyekolea, ambaye kwa nyeupe hufika takriban 6.7. Wengine watauliza kama pengo la 3.98 na 4.5 linastahili mjadala. Mwenye macho mazima aliyeketi kivulini huenda asilione. Mzee mwenye mtoto wa jicho, au abiria anayesoma simu kwenye jua la mchana, ndiye anayelilipia, na viwango viliwekwa kwa ajili ya hao.

Tahadhari kubwa zaidi ni kuiachia nyekundu kazi ya kuonya. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takriban mwanamume 1 kati ya 12 hupata shida kutofautisha nyekundu na kijani, na nyekundu iliyopozwa humpotea kwa urahisi. W3C inataka rangi isiwe njia pekee ya kufikisha maana. Fomu ikikosewa, mstari mwekundu hautoshi. Iandikwe wazi kwamba namba ya simu haijakamilika. Vifaa vya kupima tofauti ya mwangaza vinapatikana bure, na kazi yenyewe ni ya sekunde chache. Mbunifu, pima kwanza, ndipo uipeleke tovuti kwa wasomaji.