Mlango Unaolia, Raba na Mafuta: Tatizo la Istilahi katika Maelezo ya Ufundi

Tuliletewa hivi karibuni tafsiri ya ukurasa mmoja wa kitabu cha matunzo ya gari ili tuipitie. Sentensi iliyotushughulisha kuliko nyingine zote ilikuwa fupi: "Milango ikilia, paka mihuri mafuta." Kisarufi haina kosa. Hata hivyo dereva aliyekabidhiwa maelezo hayo hakuona muhuri wowote mlangoni. Neno la mwisho tu ndilo alilolielewa, naye akachukua oili ya injini iliyosalia katika kopo akapaka kila palipokuwa na mpira. Kwa siku chache milango ilinyamaza. Baada ya miezi kadhaa mipira ilikuwa imevimba, imelainika na kunata. Mvua za masika zilipoanza, maji yakaingia ndani ya gari na kulowesha mafaili.

Hatuandiki haya ili kumlaumu mfasiri. Alifungua kamusi, akakuta neno la Kiingereza ambalo huko hutumika kwa muhuri wa ofisini na pia kwa ukanda wa mpira unaozungushwa mlangoni, naye akachukua maana iliyotangulia. Jambo hili huwapata wengi. Katika makala hii tunakusudia kueleza kitu chenyewe kwanza, kisha majina yake, kwa sababu istilahi isiyotanguliwa na ujuzi wa kitu ni jina lisilo na mwenyewe.

1. Mlango hulia kwa nini?

Kitenzi "kulia" ni kipana mno. Mtoto hulia, ndege hulia, kengele hulia, na bawaba kavu hulia. Katika mazungumzo upana huo hauna madhara, lakini katika maelezo ya ufundi hauna budi kupunguzwa, kwani mlango wa gari hutoa sauti za namna tatu, na kila moja ina chanzo chake na dawa yake.

Sauti ya kwanza husikika mlango unapofunguliwa au kufungwa, gari likiwa limesimama. Hiyo aghalabu ni ya bawaba, chuma kikisuguana na chuma. Sauti ya pili husikika mlango ukiwa umefungwa na gari likipita katika barabara mbovu: ni mgongano mfupi wa kitasa kilicholegea. Sauti ya tatu nayo husikika mlango ukiwa umefungwa, lakini haigongi. Ni mkwaruzo mrefu unaorudiarudia. Hiyo ndiyo ya mpira.

Mkwaruzo huo hutokea hivi. Gari linapopita kwenye mashimo, bodi yake hujipinda kidogo, na mlango husogea kidogo sana ndani ya fremu yake. Mpira uliobanwa katikati hung'ang'ania rangi ya bodi, kisha huachia ghafla, kisha hung'ang'ania tena, mara nyingi kwa muda mfupi. Mpira mpya na safi huufuata mwendo wa mlango bila kuachia. Uliokaushwa na jua na kujaa vumbi hupoteza unyumbufu wake, ndipo huanza kukwaruza.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba katika maandishi ya ufundi bawaba iachiwe kitenzi "kulia", kitasa "kugonga", na mpira "kukwaruza". Yafaa kutahadhari hapa. Tumezoea kuieleza kila sauti ya mlango kwa mfano wa bawaba isiyotiwa mafuta, na mazoea hayo ndiyo yanayomfanya msomaji akimbilie mafuta kabla ya kujua ni nini kinacholia.

2. Muhuri, kizibo, kalafati au raba?

Katika kutafuta istilahi tumefuata njia tuliyoizoea: kuyapima kwanza maneno yaliyomo katika Kiswahili kabla ya kwenda mbali.

"Muhuri" ni chombo cha kugongea alama au alama yenyewe, na kazi yake ni kuthibitisha. Haliwezi kubebeshwa kazi ya kuzuia maji.

"Kizibo" liko karibu zaidi, kwa kuwa linatokana na kuziba. Lakini msomaji akilisikia huona kitu kinachotiwa katika tundu, kama kizibo cha chupa. Haoni ukanda unaozunguka mlango mzima.

"Kalafati" ni neno la mafundi wa vyombo vya baharini, nalo lilituvutia sana. Fundi hupachika pamba iliyotiwa mafuta katika maungo ya mbao ili jahazi lisivuje. Kusudi ni lile lile la kuzuia maji mahali panapokutana vipande viwili. Tumeliacha kwa sababu mbili. Kwanza, kalafati huziba pasipofunguliwa, hali mlango hufunguliwa kila siku. Pili, katika kalafati mafuta ni rafiki wa kazi. Katika mpira, kama tutakavyoona, mafuta mengi ni adui. Istilahi ingemrudisha msomaji kwenye kosa lile lile tunalotaka kumwepusha nalo.

"Gasketi" na "sili" yanajulikana gereji, lakini kila moja limekwisha kupata mahali pake. Gasketi hukaa kati ya vipande viwili vilivyofungwa kwa boliti. Sili huzunguka mhimili unaozunguka ili oili isivuje. Kuyahamishia mlangoni ni kuwachanganya mafundi bila faida.

Limebaki "raba". Mafundi wengi husema "raba ya mlango", na msikilizaji huelewa mara moja. Wapo watakaosema kwamba raba ni kifutio cha mwanafunzi au kiatu cha michezo. Ni kweli, lakini kijalizo "ya mlango" huondoa shaka yote. Tena neno hilo linatupa faida moja kubwa: "mpira" laweza kubaki jina la mali ghafi, na "raba" likawa jina la kipande kilichotengenezwa kwa mpira huo. Hapo twaweza kuandika bila utata kwamba raba ya mlango hutengenezwa kwa mpira wa aina fulani.

3. Mafuta gani?

Hapa ndipo penye uzito. "Mafuta" ni miongoni mwa maneno mapana sana katika lugha yetu. Ya kupikia ni mafuta, ya kujipaka ni mafuta, ya taa ni mafuta, dizeli ni mafuta, na oili ya injini ni mafuta. Anayeandika "paka mafuta" amemwachia msomaji achague mwenyewe, na msomaji huchagua kilicho karibu naye.

Mpira wa asili hunyonya mafuta ya madini, yaani yale yatokanayo na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini. Ukisha kuyanyonya huvimba na kupoteza nguvu. Mpira wa viwandani unaotumiwa sana katika raba za milango ya magari ya siku hizi hustahimili jua, mvua na ozoni kuliko mpira wa asili, lakini kwa mafuta ya madini nao huvimba. Hivyo oili, grisi ya kawaida, dizeli, petroli na mafuta ya taa havifai kupakwa wala kusafishia raba.

Vinavyofaa ni grisi ya silikoni, ambayo haidhuru mpira wa aina hizo mbili, au gliserini iuzwayo katika maduka ya dawa. Poda ya talki pia hupunguza mkwaruzo kwa muda, nayo yafaa kwa majaribio: sauti ikinyamaza baada ya raba kupakwa poda, chanzo chake kimejulikana.

4. Maelezo sahihi yangeandikwaje?

Ukurasa ule tuliletewa ili tuusahihishe, si kuukosoa tu. Hivi ndivyo tulivyoiandika upya ile sentensi moja, ikawa maagizo kamili:

(a) Hakikisha kwanza kwamba sauti ni mkwaruzo wa raba, wala si mlio wa bawaba au mgongo wa kitasa.
(b) Osha raba ya mlango, pamoja na sehemu ya bodi inayogusana nayo, kwa maji na sabuni isiyo kali. Kausha kwa kitambaa.
(c) Kagua raba yote. Iliyochomoka irudishwe mahali pake. Iliyopasuka au kukakamaa ibadilishwe.
(d) Funga mlango juu ya ukanda wa karatasi, kisha uvute. Karatasi ikitoka bila kuzuiwa, raba haibani mahali hapo.
(e) Paka grisi ya silikoni kidogo kwa kitambaa, kisha futa iliyozidi. Isifike kwenye vioo, wala kwenye bodi inayongoja kupakwa rangi, kwani rangi haishiki juu ya silikoni.
(f) Bawaba zitiwe oili au grisi ya kawaida, na inayochuruzika ifutwe isiifikie raba.
(g) Matundu yaliyo chini ya mlango yasizibwe. Hayo hutoa maji yanayopenya kandokando ya kioo.

Maagizo haya ni marefu kuliko yale ya kwanza, lakini hakuna neno ndani yake linalomwachia msomaji kubahatisha.

5. Kutoka mlangoni hadi kwenye breki

Huenda msomaji akasema kwamba mlango unaokwaruza ni jambo dogo. Tunakubali. Lakini kosa lile lile la istilahi likihamia sehemu nyingine ya gari, si dogo tena. Ndani ya mfumo wa breki mna raba zinazozuia kimiminika kisivuje, nazo katika magari mengi ni za mpira usiopatana na mafuta ya madini. Kimiminika cha breki kinachotumika sana si cha jamii ya oili hata kidogo, ingawa sote tumezoea kukiita "mafuta ya breki". Mtu akielekezwa "ongeza mafuta" naye akatia oili ya injini katika kikopo cha breki, raba huvimba na breki zaweza kushindwa kufanya kazi. Hapo kinachoharibika si mafaili tena; ni maisha ya abiria.

Hatudai kwamba jina "mafuta ya breki" lifutwe, maana limekwisha kuenea. Tunalosema ni kwamba katika maandishi liandikwe kamili kila mara, na neno "mafuta" lisisimame peke yake katika maagizo yoyote ya ufundi.

6. Mapendekezo

Raba ya mlango: ukanda wa mpira uzungukao mlango au fremu yake ili kuzuia maji, vumbi na upepo.
Mpira: mali ghafi, ya asili au ya viwandani, itengenezayo raba.
Mkwaruzo: sauti ya raba inayong'ang'ania na kuachia.
Kilainishi: kitu chochote kinachopunguza msuguano, kitajwe daima kwa jina lake, kama vile oili, grisi ya kawaida, grisi ya silikoni au gliserini.
Kimiminika cha breki (mafuta ya breki): kimiminika maalumu cha mfumo wa breki, si oili.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tuliouona katika ukurasa ule ulikuwa wa maneno mawili tu, "mihuri" na "mafuta". Tunawaomba walimu wa vyuo vya ufundi, wafasiri na maofisa wanaosimamia magari ya serikali watuletee maneno wanayoyasikia kwa madereva na mafundi wao, hasa yale yanayopingana na mapendekezo haya.