Akili ni nywele: Somo la fahali aliyekataa kupigana

Je, mzazi mwenzangu, umewahi kumwambia mwanao, "Mbona huwi kama wenzako?"

Mimi nimewahi. Jumamosi moja watoto wote wa ploti yetu walikuwa nje wakicheza kati. Binti yangu wa miaka saba alikuwa ameketi ngazini peke yake, akichora. Nilimfokea, nikamwamuru aende akacheze. Alikwenda shingo upande, na jioni hakusemezana na mtu.

Usiku huo nilimsomea kitabu cha picha kiitwacho The Story of Ferdinand. Kilitolewa Marekani mwaka wa 1936. Mwandishi ni Munro Leaf, na picha zilichorwa na rafiki yake, Robert Lawson.

Ferdinand ni fahali wa Uhispania. Sisi tunawajua fahali wa Kakamega, ambao hupiganishwa wao kwa wao. Kule Uhispania, fahali hukabiliwa uwanjani na mtu mwenye upanga, na kwa kawaida hatoki hai. Hata hivyo, ndama wenzake Ferdinand hupigana vichwa kutwa wakitamani kupelekwa Madrid. Yeye hupenda kuketi chini ya mti na kunusa maua.

Siku wachaguzi wanapofika, Ferdinand anamkalia nyuki. Kwa uchungu anaruka na kukoroma, nao wanadhani wamempata fahali mkali kuliko wote. Lakini uwanjani Madrid, anapoona maua kwenye nywele za akina mama, anaketi kuyanusa. Wanamchokoza wee, hapigani. Mwishowe anarudishwa kwao.

Ni hadithi ya kitoto, lakini iliwaudhi wakubwa. Mwaka huo huo wa 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Uhispania. Kitabu hicho kilipigwa marufuku nchini humo chini ya Jenerali Franco, na pia katika Ujerumani ya Hitler. Inaonekana fahali asiyefuata amri ya kupigana aliwatisha wenye kutawala kwa amri.

Binti yangu hakujali siasa hiyo. Kilichomshangaza ni mama yake Ferdinand, ambaye alimwuliza mwanawe mbona hachezi na wenzake, akasikia jibu lake, kisha akamwacha. "Mama," akaniuliza, "mbona yeye hakumgombeza?"

Sikuwa na jibu.

Msomaji, usinielewe vibaya. Kujifikiria mwenyewe si ukaidi. Ferdinand hamdharau mwenzake wala hamdhuru yeyote. Mtoto anayekataa kuoga au kufanya kazi za shule hajawa Ferdinand. Huyo anahitaji kuelekezwa. Lakini mtoto anayeambiwa kila siku awe kama wenzake atazoea kufanya hivyo, na si wenzake wote watakaokuwa wema.

Mwaka wa 2016, mabweni yalichomwa katika shule zaidi ya 100 humu nchini. Jiulize ni wanafunzi wangapi waliojiunga na wenzao kwa kuogopa tu kuitwa waoga. Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, siku wenzako watakapokuita usiku, utahitaji moyo wa kusema, "Mimi siendi." Moyo huo haununuliwi siku hiyo. Hukuzwa nyumbani, katika mambo madogo madogo.

Kwa hivyo, mzazi, kabla ya kumkaripia mwanao kwa kuwa tofauti, mwulize kwanza. Akikujibu, msikilize hadi mwisho.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta binti yangu pale pale ngazini. Nikaketi kando yake, nikamwuliza anachora nini. Akanionyesha. Walikuwa watoto wa ploti wakicheza kati, kila mmoja na nguo zake za siku hiyo.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Tusiwanyoe watoto wetu zao.